Uzi maalumu wa wanaoota moto uani huku ughaibuni: njooni tupeane uzoefu

Mwana wa Makete

Wakuu, salaam kwenu.

Majira ya joto ndiyo hayo yameingia. Mimi niko Minnesota, kaskazini ya Marekani, mpakani na Kanada. Baridi ya huku inakushika Novemba na inaweza isikuachie mpaka Aprili, kwa hiyo Juni ikifika hakuna anayekaa ndani. Jioni ukipita mitaani unaona moshi mwembamba nyuma ya nyumba za watu. Wamechimba shimo dogo, wamelizungushia mawe au chuma, wanakoka moto na kukaa kuuzunguka. Sisi wabongo tumezoea kuliita faya piti.

Miaka sita niliyaona ya jirani tu na sikuwa na haja nayo. Niliona ni anasa: mtu ana umeme, ana gesi, halafu anakoka moto nje ili akae autazame. Mwaka jana mama yangu alikuja kututembelea kutoka Makete, na tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Naomba niwasimulie, halafu kila mwenye uzoefu aongeze wake, maana najua humu wamo wengi wenye ua mzuri ambao hawajawahi kuuwashia hata kijiti.

Mama alifika mwezi wa tano. Wiki tatu za mwanzo alikuwa mgeni kabisa ndani ya nyumba ya mwanawe. Anaamka alfajiri, anakaa kwenye kochi, mikono mapajani, anasubiri tuamke. Jiko la umeme analiogopa. Wanangu ni wawili, wakati huo mmoja alikuwa na miaka kumi na moja, mwingine saba. Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza. Maongezi yao na bibi yalikuwa "shikamoo bibi", "marahaba wajukuu zangu", yakaishia hapo, kila mmoja na simu yake. Nilikuwa naumia sana. Mtu amesafiri siku mbili kuja kuona wajukuu, na wajukuu wako pale pale lakini hawaoni.

Jumamosi moja nikachukua sepetu. Nikachimba shimo la kina cha kiganja na nusu, nikazungushia mawe ya mviringo niliyookota kando ya kijito. Kuni nikanunua mfuko mmoja kituo cha mafuta. Nikazipanga kama kibanda, kama nilivyoona kwenye video, nikasokomeza magazeti, nikawasha. Moshi ulivyotoka, jirani alichungulia dirishani.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, sweta mwilini na kanga mabegani. Akaniangalia weee, mwisho akasema, "Mwanangu, unapika moshi?" Akanyanyuka, akapiga goti, akabomoa kibanda changu chote. Akachagua magogo matatu tu. Akayalaza chini, vichwa vikutane katikati na mikia itazame nje, kama mafiga yaliyolala. Kwenye makutano akaweka vijiti vyembamba na gome jeupe la mti fulani wa huku, linabanduka kama karatasi. Akainama, akapuliza mara tatu, taratibu, kwa pumzi ndefu. Moto ukashika. Moshi ukapungua papo hapo.

"Sasa kazi yako ni kuchochea tu," akaniambia. Gogo likila kichwa, unalisukuma ndani kidogo. Ukitaka moto mkubwa, sukuma yote matatu. Ukitaka udogo, vuta moja nje. Ule mfuko niliodhani utakwisha kwa saa moja ulitufikisha mpaka usiku na kuni zikabaki.

Mwanangu mdogo, yule wa miaka saba, ndiye aliyeanza kusogea. Akaomba na yeye asukume. Bibi akamshika mkono, akamwonyesha ushike wapi na usishike wapi. Mkubwa akaona, akaweka simu chini, akaja.

Kisha mama akaenda jikoni mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila kuitwa, akarudi na viazi mviringo kwenye upindo wa kanga. Akatenga majivu ya moto pembeni kwa kijiti, akavifukia. Nyie wa Njombe na Makete mnajua kiazi kilichotoka majivuni: unakipiga piga viganjani, unakipasua, mvuke unatoka, unanyunyiza chumvi. Wanangu, ambao viazi kwao ni chipsi, walikula vitatu vitatu na midomo ikawa myeusi.

Saa tatu usiku jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama, maana Juni huku ndivyo lilivyo. Mama kila siku alikuwa haamini saa ya ukutani. "Saa tatu usiku na jua liko juu, nyie mnalala saa ngapi?" Giza lilipoingia akaanza vitendawili. Kitendawili! Watoto hawajui kuitikia, nikawafundisha: tega! Akatega: "Kila niendapo ananifuata." Wakati huo moshi ulikuwa unamwandama yule mdogo, akihama kushoto unamfuata, akihama kulia unamfuata. Akapaza sauti kwa Kiswahili, "Moshi!" Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Jibu ni kivuli, lakini siku ile alimpa ushindi.

Baada ya hapo mama akasimulia habari za baba yake, yaani babu yangu mzaa mama, alivyokwenda Tanga kukata mkonge akiwa kijana. Manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Alivyorudi na blanketi moja na sufuria moja, na sufuria hiyo ndiyo mama alilelewa nayo. Nina miaka arobaini na mbili, sikuwahi kuisikia habari hiyo. Tungeisikia wapi? Sebuleni, televisheni ikiwaka?

Ila kuna jambo moja lilinitisha na lazima niliseme. Moto ukiwa umekolea, jiwe moja lilipasuka kwa mlio mkali na kipande kikampita mwanangu karibu na bega. Mawe ya kijitoni na ziwani yanakuwa yamenyonya maji ndani. Yakipata moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, jiwe linalipuka. Mama mwenyewe alinigombeza, kumbe kwetu mafiga huokotwa mlimani, pakavu. Kesho yake niliyatoa yote nikaweka matofali ya kuchoma yanayostahimili moto. Msirudie kosa langu.

Karibuni wakuu. Nani anakoka, anakoka wapi, anachoma nini?

Binti Mvita

Assalam aleikum. Nimesoma hapo kwenye kitendawili nikamkumbuka nyanya yangu Mombasa. Mungu amhifadhi mama yako.

Mimi niko Ohio. Nataka kuwaambia Waislamu wenzangu jambo ambalo lilinichukua muda kulijua. Watoto huku wakisikia moto wa uani, cha kwanza wanataka mashimelo, zile peremende laini nyeupe, ya kuchoma kwenye kijiti, kisha yabanwe katikati ya biskuti mbili na kipande cha chokoleti. Ni jadi yao ya zamani, maskauti wasichana wa Marekani waliichapisha namna ya kuitengeneza tangu 1927. Sasa yale mashimelo ya kawaida ya dukani yanashikanishwa kwa jelatini, ute unaotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi jelatini hiyo ni ya nguruwe. Pakiti haisemi nguruwe, inasema jelatini tu. Nilikuwa nawanunulia wanangu kwa moyo mweupe. Tafuteni yenye alama ya halali, yapo ya jelatini ya ng'ombe na ya samaki, maduka ya Waarabu na Wasomali wanayauza.

Na mahindi jamani. Mahindi ya huku ni ya sukari, laini, yana maji, ukiyachoma kama ya kwetu yanasinyaa na hayatoi ile harufu ya barabarani. Nilichojifunza ni kuchagua yale ambayo punje zimejaa na kukomaa, ukibonyeza kwa ukucha maji yasiruke mbali. Unachoma juu ya makaa, moto wenyewe ukiwa umeshuka, unageuza geuza, halafu ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga. Si kama ya Mombasa, lakini mume wangu akila hunyamaza kimya, na huyo kwa kawaida hanyamazi.

Kitu kingine, sisi kiangazi magharibi inaingia kama saa tatu usiku. Tunakoka baada ya kuswali, watoto wakiwa likizo hawana shule ya kuamkia. Tunakaa mpaka isha.

Fundi Kuni

Mkuu Mwana wa Makete, umenigusa. Mimi ninafanya kazi ya kukata miti, niko Michigan mwaka wa tisa, kwa hiyo kwenye kuni nina la kusema.

Kwanza, zile kuni za mfuko za kituo cha mafuta si mbaya, lakini angalia zimekauka. Gonga mbili pamoja: kavu inalia kwa sauti ya juu, mbichi inatoa mlio mzito kama umegonga ukuta. Kavu ina nyufa mwishoni. Wataalamu wanataka unyevu uwe chini ya asilimia 20. Mwaloni uliopasuliwa unahitaji mwaka mzima na zaidi kukauka, ukiuharakisha utakutoa machozi wewe na jirani.

Pili, na hili naomba mlishike sana: usibebe kuni kutoka mbali. Kuna mdudu mdogo wa kijani anayeng'aa, asili yake Asia, aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Funza wake wanakula chini ya gome la mti unaoitwa ash, mti unakauka umesimama. Ameua mamilioni na mamilioni ya miti Amerika ya Kaskazini, na hapo kwako Minnesota aligundulika St. Paul mwaka 2009. Yeye mwenyewe haruki mbali sana. Wanaomsambaza ni watu, wanapakia kuni kwenye buti la gari wanakwenda nazo kambini maili mia tatu. Nimekata miti hiyo mtaa mzima, pande zote mbili za barabara, yaani mtaa uliokuwa na kivuli ukabaki uchi. Nunua kuni pale pale unapozichomea.

Tatu, usichome mbao za ujenzi. Mbao za zamani za baraza za nje na uzio zilitiwa dawa yenye aseniki. Hapa Marekani kwa matumizi ya nyumbani waliacha mwishoni mwa 2003, lakini mbao zenyewe bado zimejaa mitaani. Ukizichoma, sumu inabaki kwenye majivu na mnaivuta kwenye moshi. Halafu mtu anafukia viazi humo. Hapana. Mbao zenye rangi na plaiwudi vilevile.

Huo mtindo wa mama wa magogo matatu ni sahihi kabisa. Moto wa kibanda unakula kuni zote kwa mkupuo, unakwenda juu. Wa magogo ya kulala unawaka kichwani tu, na ukitaka kuuzima unayatawanya, kila moja linapoa lenyewe.

Mzawa wa Kinangop

Sisi watu wa Texas tunasoma kwa wivu. Huku majira ya joto ni joto kweli, na nyasi zikikauka kaunti inatangaza marufuku ya moto wa nje. Ukikoka wakati huo unapigwa faini, na majirani wana haki ya kukasirika, cheche moja inaweza kuchoma mashamba. Kwa hivyo kabla sijawasha huwa naangalia tangazo la kaunti, kila mara, hata kama wiki jana kulikuwa sawa. Moto wetu wa maana ni Novemba hadi Februari. Wakati huo tunachoma nyama ya mbuzi na watoto wanasikia habari za baridi ya Kinangop, vile tulikuwa tunaamka tukikuta nyasi nyeupe kwa jalidi.

Mwana wa Makete

Asanteni sana. Binti Mvita, hilo la jelatini sikulijua, na nina rafiki Mzanzibari anakuja na wanawe, nitanunua ya halali.

Mzawa wa Kinangop umenikumbusha sheria. Miji mingi ya Marekani inafuata vipimo vinavyofanana: moto wa shimo usizidi futi 3 kwa upana na futi 2 kwa kimo, uwe futi 25 kutoka kwenye nyumba au kitu chochote kinachoshika moto, kama mita saba na nusu. Yale majiko ya chuma ya kubebeka yanaruhusiwa futi 15. Mtu mzima asiondoke mpaka umezimika, na mpira wa maji uwe karibu. Mimi huuvuta mpira mpaka kwenye kiti changu na kufungua bomba kabisa kabla ya kiberiti. Mji wangu unataka moto uzimwe saa nne usiku, mingine inataka kibali, kwa hiyo angalieni mji wenu. Unaona sasa, jua linazama saa tatu, moto saa nne, una saa moja tu ya giza. Hiyo saa moja tunailinda kama yai.

Mama Watatu

Habari zenu wapendwa. Mimi niko Leeds, Uingereza. Nilikuwa nasoma tu, ila nimeona niseme, ili lisimpate mwingine.

Miaka mitatu iliyopita tulikoka moto wa chini kwenye bustani yetu, usiku mzuri, tulikuwa na wifi zangu wawili na watoto saba. Tulipomaliza, tukafukia kwa mchanga. Tukaona hapana moshi, hapana mwanga, tukalala. Asubuhi saa mbili mwanangu wa miaka minne akatoka peku kwenda kutafuta mpira wake. Akakanyaga pale pale. Mchanga juu umepoa, chini makaa yako hai. Kile kilio bado ninakisikia.

Wifi yangu akakimbilia dawa ya meno, mwingine anataka ute wa yai, mwingine asali. Kila mmoja kwa mapenzi yake. Mume wangu akamnyanyua mtoto akamweka mguu chini ya bomba la maji ya baridi, akamshikilia dakika ishirini nzima, mtoto analia na yeye analia. Hospitali walisema maji hayo ndiyo yaliyomwokoa, na kwamba dawa ya meno ingemwongezea. Barafu pia hapana. Maji yanayotiririka, dakika ishirini, kisha funika kwa ile karatasi ya nailoni ya kufungia chakula, bila kukaza, nenda hospitali. Alipona, ana kovu kwenye unyayo.

Kwa hiyo naomba: msifukie moto. Mwageni maji, korogeni majivu kwa kijiti, mwageni tena, mpaka yasilie. Halafu sogezeni mgongo wa mkono karibu msikilize kama kuna joto. Majivu makavu yawekwe kwenye ndoo ya chuma, si ya plastiki, maana kaa moja linaweza kukaa hai siku kadhaa.

Fundi Kuni

Pole sana dada. Mshukuru Mungu shemeji alikuwa na akili timamu saa ile. Nimeichapisha hii nikaibandika stoo.

Mwana wa Makete

Pole sana dada yangu. Nimeisoma kwa mke wangu kwa sauti. Kuanzia leo ni maji na kukoroga.

Mtu wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Finland tangu miaka kumi na mbili, nilikuja na wazazi kutoka kambi ya wakimbizi. Huku kuna sikukuu ya katikati ya kiangazi, wanaiita juhannus, mwezi wa sita. Watu wanakwenda kwenye maziwa, wanawasha moto mkubwa sana ufukweni, wanauita kokko. Usiku huo giza haliingii kabisa. Mwaka wa kwanza baba yangu alisimama pale kando ya maji, moto unaonekana mara mbili, juu na ndani ya ziwa, akasema, "Ni kama taa za wavuvi kwetu." Kwetu Uvira, Kongo, usiku ziwa Tanganyika linajaa taa za wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, kama mji mwingine juu ya maji. Baba hakuwa amesema jina la Uvira kwa muda mrefu. Usiku huo alilisema mara nyingi.

Sheria ya huku: moto wa wazi unataka ruhusa ya mwenye ardhi, na wakitoa tahadhari ya moto wa msituni hakuna kuwasha, hata kokko inafutwa. Kuna miaka tumekaa juhannus bila moto kwa sababu hiyo. Tulikubali, tukakaa kwenye maji hivyo hivyo.

Baba Pacha

Mkuu mwenye uzi, niko Minnesota pia, St. Cloud. Mmoja wa pacha wangu ana pumu. Je, haya mambo tuyaache? Kiangazi cha 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulituingilia mpaka tukamfungia mtoto ndani siku nyingi, na sasa anaona watoto wa jirani wanaota moto anataka na yeye.

Fundi Kuni

Baba Pacha, siku ambayo hewa ya mji imetangazwa mbaya usikoke kabisa, kwa ajili yake na ya wengine. Kipimo cha hewa kikipita 100 ni hatari kwa wenye pumu. Siku ya hewa safi, muulizeni daktari wake kwanza. Akikubali, kuna yale majiko ya chuma ya mduara yenye kuta mbili. Hewa inaingia chini, inapanda katikati ya kuta ikipata joto, inatokea juu kwenye matundu na kuuchoma moshi kabla haujatoka. Ukishapamba moto, moshi ni kidogo sana. Lakini kidogo si sifuri. Mkalishe upande upepo unakotoka, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako.

Yupo Njombe

Nawasalimu kutoka nyumbani. Nyie mnaota moto kwa raha ya joto, sisi Juni hii hii ndiyo baridi imepamba, asubuhi barafu nyembamba iko kwenye majani ya viazi. Tunaota kwa kuni za miwati, zile ambazo gome lake linakwenda kiwandani kutengenezea dawa ya kusindika ngozi za wanyama. Mama yako anaijua harufu hiyo.

Naomba niongeze moja maana kila mwaka inatuumiza. Moto ni wa nje au wa jiko lenye pa kutokea hewa. Watu wanachukua jiko la mkaa likiwa limekolea, halina moshi, wanaona ni salama, wanaingia nalo chumbani wanafunga dirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Wanalala hawaamki. Huko kwenu nako umeme ukikatika na baridi, msijaribu, hata lile jiko la kuchomea nyama.

Mwana wa Makete

Ndugu yangu wa Njombe umenitoa machozi na hiyo miwati. Usiku ule wa kwanza mama alinusa gogo la mwaloni, akalinusa tena, akasema, "Zinawaka vizuri, lakini hazinukii nyumbani."

Mama alirudi Oktoba. Mpaka anaondoka tulikuwa tumekoka moto karibu kila Jumamosi ambayo mvua haikunyesha. Mbu walituuma, sitawaficha, lakini hakuna aliyeingia ndani. Mwanangu mkubwa alianza kuuliza maswali kwa Kiswahili kilichovunjika, na bibi yake akawa anamjibu polepole, hamsahihishi, anarudia tu neno kwa usahihi ndani ya jibu lake. Mambo ya manamba yaliendelea kwa wiki kadhaa, tukafika mpaka alivyomwona baba yangu mara ya kwanza mnadani, kisa ambacho mzee mwenyewe hakuwahi kutueleza.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya moto mwaka huu. Nilitoka na kuni, nikakuta yule mdogo, sasa ana miaka minane, ameshalaza magogo matatu, vichwa vimekutana, na gome jeupe limewekwa katikati. Mpira wa maji ameuvuta. Kiberiti hakukigusa, alikuwa ananisubiri mimi.

Saa tatu na nusu usiku tukampigia bibi kwa video. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa jikoni, amejifunga blanketi, anapuliza moto wa chai. Mdogo akaelekeza simu kwenye moto wetu, akauliza, "Bibi, ni sawa?"

Mama akasogeza uso karibu kabisa na simu, akaangalia.

"La kushoto," akasema. "Lisukume kidogo."